Pikapu Niliyoiondoa Mteremkoni

Skola mwanangu,

Habari za kuvaa sweta mbili na kuchemsha maji ya kunywa sitakuandikia. Hayo nimekuimbia wiki nzima, mpaka jana ukaniambia, "Mama, nimesikia, hata viatu vyangu vimesikia." Nilicheka, lakini moyoni nilijua kwa nini siachi kuyasema. Nilikuwa nayasema madogo ili kubwa nisilifikie. Leo mchana wewe na mdogo wako Beno mmekwenda Namswea kuwaaga shangazi zako kabla ya safari yako ya kesho, nyumba imetulia, nami nimekaa mezani na daftari la Beno. Nimemchania kurasa za katikati. Atanung'unika, lakini ataelewa.

Nataka kukuandikia juu ya ile asubuhi ya mwezi wa saba pikapu ilipogoma kuwaka. Utasema unaijua, maana ulikuwepo. Ni kweli ulikuwepo, tena kuliko mimi. Lakini ulikuwa na miaka kumi na minne, na kuna mambo yaliyotangulia ambayo hukuyaona, na moja nililokuficha mpaka leo.

Marehemu baba yako alipofariki alituacha na nyumba hii ya Mkumbi, kahawa yake, na ile pikapu ya dizeli ambayo hata wakati ule ilikuwa imekwishazeeka. Mimi ni mtu wa ziwani. Kahawa niliijua kwa kuolewa, samaki niliwajua kwa kuzaliwa. Basi nikaona nitawalea kwa samaki. Nikawa nashuka Mbamba Bay, napakia usipa na mbasa, napanda nao milimani kuuza Mbinga mjini na kwenye magulio ya huku. Dereva wangu alikuwa Mzee Gaspari, rafiki wa baba yako, aliyekuwa akikaa mlima wa pili, ng'ambo ya bonde letu. Mzee yule hakuwa na maneno mengi. Alikuja alfajiri, akaipasha gari moto, tukaondoka.

Mwaka ule dizeli ilianza kuisha upesi. Nilikuwa na kijiti changu cha kupimia tenki, na kila nikikichovya nilikuta kimelowa chini kuliko nilivyotarajia. Wanawake wenzangu gulioni wakanipa maneno. "Mjane mwenye gari ni shamba lisilo na mlinzi," mmoja aliniambia. Nikalichukua neno hilo nikalala nalo. Sikumwuliza Mzee Gaspari. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, Skola. Ningemwuliza, angeniambia kilichokuwa wazi: wakati wa baridi aliiacha injini ingurume muda mrefu asubuhi kabla ya kuondoka, na kupanda kutoka ziwani na mzigo wa samaki si sawa na kushuka mtupu. Sikuuliza kwa sababu nilikwishapata jibu nililolitaka.

Jumapili moja, misa ilipokwisha, nilimkuta nje ya kanisa anazungumza na wazee wenzake. Nikamwendea mbele yao wote.

"Mzee Gaspari, nipe ufunguo wa gari."

"Kuna safari, Mama Skola?"

"Hakuna safari. Nimechoka kunywesha magari ya watu dizeli yangu."

Wewe ulikuwa ndani na wanakwaya, hukuona. Mzee alinitazama, akaingiza mkono mfukoni, akanipa ufunguo. Hakujitetea. Nami nikachukua kule kunyamaza kuwa ndiyo ushahidi wenyewe.

Mchana ule, wewe ukiwa bado mazoezini, niliiendesha pikapu mwenyewe. Unakumbuka alikuwa anailaza pale juu, kando ya barabara, kwenye mteremko. Nikaitoa pale nikaiteremsha mpaka uani, mbele ya dirisha langu, ili mtu akija kunyonya dizeli nimwone. Uendeshaji wangu ulikuwa wa kubahatisha, nilikanyaga hata bustani ya mboga. Lakini nilipozima injini nilijisikia mtu mwenye akili. Uwanja wetu ni tambarare, kama uujuavyo, na kutoka pale kwenda barabarani ni kupanda.

Alfajiri yake baridi iliuma kama ambavyo haijawahi kutuuma. Nyasi za bondeni zilikuwa nyeupe, na maji ya kwenye ndoo yalichoma vidole. Ukaja kuniamsha. "Mama, Beno hapumui vizuri." Nilipoingia chumbani kwenu nilimkuta mdogo wako ameketi kitandani, mabega juu, kifua kinapiga filimbi. Pumu yake tuliizoea, lakini siku ile midomo ilikuwa imebadilika rangi. Kichupa chake cha dawa ya kuvuta tulikitikisa, kikatoa hewa tupu.

Nikakimbilia gari. Nikazungusha ufunguo. Stata ikalia, injini haikushika. Nikazungusha tena, nikashikilia. Ukaja dirishani umemfunga Beno mgongoni, na miaka yake minane yote, miguu yake inaning'inia, ukasema, "Mama, subiri kidogo. Ile taa ya njano haijawaka. Babu Gaspari huwa anasubiri iwake halafu izimike."

Nikakujibu, "Nyamaza wewe! Mshike mdogo wako."

Nikaendelea. Unajua nilivyofanya, maana uliniona. Nilikanyaga mafuta, niliupiga usukani, niliitukana ile gari kwa Kinyasa. Stata ikaanza kuvuta sauti, ikawa nzito kama mgonjwa anayeinuliwa, mwisho ikabaki inagonga tu, tk, tk, tk. Kisha kimya. Nikateremka nikajaribu kuisukuma, peke yangu, kupanda kilima. Sijawahi kujiona mjinga kama nilivyojiona pale, bega langu kwenye bati la baridi, gari halitikisiki, na nyuma yangu nasikia kifua cha mwanangu.

Ndipo tukasikia, "Hodi hapa."

Mzee Gaspari alikuwa amesikia stata inalia kutoka ng'ambo ya bonde. Asubuhi za baridi sauti inavuka. Alitujia na koti lake refu, begani amebeba betri. Ilikuwa betri ya sola ya nyumbani kwake. Ameing'oa, akateremka nayo bondeni, akapanda nayo mlima wetu, mzee wa umri ule, siku moja baada ya mimi kumvua nguo mbele za watu.

Ulimwamkia, "Shikamoo babu," na sauti yako ikakatika. Akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," akamwendea Beno kwanza. Alimketisha wima, akamwinamisha mbele kidogo, akalegeza blanketi ulilomfunga. Kisha akanigeukia.

"Mama Skola, ufunguo usiuguse tena. Maji ya moto yapo?"

Yalikuwepo, ulikwishayateleka wewe. Nilimpokea Beno kwa mikono yangu nikakaa naye kizingitini, na kutoka pale nikawatazama. Nimeishi miaka tisa na picha ile. Mzee anafungua boneti, wewe unamshikia tochi, na anazungumza nawe kama anayezungumza na fundi mwenzake.

"Umesikiaje, Skola? Mwanzoni stata ilizunguka kwa nguvu au polepole?"

"Mwanzoni kwa nguvu, babu. Halafu ikachoka."

"Basi mwanzoni betri ilikuwa nzima. Tumeichosha sisi. Ingezunguka polepole tangu mwanzo, tungeanza na betri na vichwa vyake. Imezunguka kwa nguvu na haikushika, hapo tutafute nini?"

"Mafuta," ulisema. Ukafikiri. "Au joto."

"Anza na moja. Ukigusa mawili kwa pamoja hutajua lipi lilikuponya."

Akabonyeza pampu ndogo ya mkono pale kwenye chujio, ikawa ngumu, akasema dizeli inafika. Akaunga waya na taa ndogo, akagusa plagi za hita moja moja, vile vijiti vinavyopasha moto ndani ya injini ya dizeli kabla haijawaka. Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Ya nne ikajibu, taa ikawaka. "Tumebaki na moja," alisema. Mkakwangua ule ukungu mweupe kwenye vichwa vya betri, mkafunga betri yake, mkalowesha vitambaa kwenye maji ya moto mkavizungushia njia ya hewa ya injini, mkavibadilisha, mkavibadilisha tena. Mimi nilitaka kupiga kelele kwamba mnachelewa. Hamkuwa mnachelewa. Mlikuwa mnafanya jambo moja, kisha linalofuata.

Akakaa kwenye usukani, akasubiri, akawasha. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe uwanja mzima, ikashika.

Tukapanda, tukaondoka. Hospitali walimwekea Beno hewa, na kufika saa tano alikuwa anauliza kama kuna maandazi. Mzee Gaspari aliposikia hayo alitoka nje. Nilimwona kupitia dirishani, ameegemea pikapu, anajifuta uso kwa kofia.

Hapo ningemwomba radhi. Sikuomba. Nilimwambia "asante, mzee" kama unavyomwambia mtu aliyekupisha njiani. Tuliporudi nyumbani majirani wakaja kutupa pole, na mmoja akasema, "Ameiharibu yeye, halafu kaja kuitengeneza aonekane mwema." Wewe ulikuwa unagawa chai. Ulinitazama ukisubiri nijibu. Nikanyamaza. Maneno yale yakatoka kwangu na vikombe vyangu, yakazunguka Mkumbi nzima karibu wiki moja, na mimi niliyaacha yatembee.

Halafu jioni moja ya wiki ile ukaja jikoni.

"Mama, nani aliliweka gari uani?"

"Mimi. Kwa nini?"

"Babu Gaspari alikuwa analilaza mteremkoni makusudi. Likigoma, unaliachia lishuke, unaingiza gia namba mbili, linawaka. Siku ile lingekuwa pale, Beno asingengoja."

Nikakwambia uache kiherehere. Ukaendelea, polepole, kama mtu anayehesabu. "Ulimsema mbele za watu. Sasa watu wanamsema na wewe unajua si kweli. Mwombe radhi, mama. Mbele za watu hao hao."

Nikakupiga kofi.

Hukulia. Uliokota kikombe kilichoanguka, ukakisuuza, ukakiweka mahali pake. Mwanangu, nimetenda makosa mengi, lakini mkono huu ninaoandikia ndio ule, na nimeutazama mara nyingi. Nilikupiga kwa sababu ulikuwa umefanya nilichoshindwa kufanya. Ulikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kosa, ukalikuta ni mimi, na hukupindisha.

Jumapili iliyofuata nilimwomba katekista nafasi baada ya matangazo. Nilisimama nikasema: dizeli yangu haikuibwa na mtu, Mzee Gaspari ni mwaminifu, gari niliihamisha mimi kwa kumshuku, na yeye ndiye aliyemwokoa mwanangu. Mzee alisimama, akavua kofia. "Nimesikia, Mama Skola," akasema. "Sasa tafuta plagi." Kanisa zima likacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Plagi zile ulizifunga wewe, yeye akiwa amekaa kwenye kigoda anakunywa togwa na kukuonyesha kwa kidole tu. Tangu siku ile hukutoka tena chini ya ile gari.

Sasa nalifikia lile nililoficha.

Mwezi wa tano mwaka ule, miezi miwili kabla, Mzee Gaspari aliniambia, "Mama Skola, plagi za hita zinakufa. Mbili zimekwisha. Mwezi wa saba zitatusumbua."

Nikamjibu, "Juzi iliwaka Mbamba Bay kwa kuguswa tu."

"Mbamba Bay kuna joto, mama. Kule dizeli haihitaji kubembelezwa. Huku juu inahitaji."

Nikamwambia mafundi hawakosi ugonjwa wa kutafuta. Akanikumbusha tena mwezi wa sita, nikamkatiza. Ndiyo maana akaanza kuilaza mteremkoni. Alijua siku itafika, na kwa kuwa nilimkatalia dawa, alinitafutia fimbo ya kutembelea. Mimi nikaenda nikamnyang'anya hata ile fimbo.

Kanisani niliomba radhi kwa kumshuku. Hili la plagi sikulisema. Niliacha watu wote, na wewe pia, mwamini kwamba zilikufa ghafla kwa baridi ya usiku mmoja. Na yeye hakunisahihisha, miaka tisa.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake Kitai, kwa mwanawe anakoishi sasa. Macho yamepungua nguvu lakini masikio ni yale yale. Nilimwambia lililonipeleka. Akasema, "Mimi nilikwishalisahau. Lakini mwambie Skola. Yeye ndiye fundi. Anatakiwa ajue gari lile liliharibikaje."

Basi ndivyo lilivyoharibika, mwanangu. Halikuharibika kwa baridi. Baridi ilifika tu ikakuta limekwishaharibika kwenye masikio yangu.

Sikuandikii haya ili nikufunze, maana kwa hili wewe ndiye uliyenifunza. Juni iliyopita nilikuwa sokoni Mbinga asubuhi ile gari la yule afisa mgeni, aliyehamishiwa huku kutoka pwani, lilipokataa kuwaka kwa baridi. Hukuniona, nilikuwa nyuma ya magunia. Alikuwa amekwishaambiwa anunue betri mpya na stata mpya. Ulimwamkia, ukamwomba awashe mara moja tu, ukainamisha kichwa ukasikiliza. Akakuuliza, "Wewe ndiye fundi, au tumsubiri fundi?" Hukukasirika. Ulifungua waya wa hasi pale ulipoungwa na bodi, ukaupiga msasa, ukaukaza. Likawaka. Ukamwambia, "Betri yako nzima, mzee. Stata yako nzima. Ni kutu tu." Ungeweza kumwambia lolote, angeamini. Mama mmoja pembeni yangu akauliza, "Huyu binti wa nani?" Nilishindwa kumjibu.

Huko Njombe unakokwenda, baridi yake wanasema inaizidi hii yetu, na matrekta ya shamba lile la chai ni ya zamani. Utakuwa mwanamke wa kwanza kwenye karakana yao. Asubuhi mashine zikigoma, watu watakuwa na haraka, na wenye haraka huanza kwa kutafuta mtu. Wewe nakujua utaanza kwa kusikiliza. Wakikusema, na watakusema, usidhani lazima unyamaze kama alivyonyamaza Mzee Gaspari. Yeye alikuwa na nguvu zake, wewe una zako. Na kama siku moja kosa litakuwa lako, maana litakuwa, usingoje miaka tisa.

Kesho basi likisimama Kitai, shuka. Mzee Gaspari atakuwa kando ya barabara, nimekwishamwambia saa. Dereva akipiga honi, mwache apige.

Na lile kofi, Skola. Nisamehe. Sikuwahi kulitaja, na wewe hukuwahi kunikumbusha. Naliandika hapa kwa sababu uso kwa uso ningelia, na wewe ungenibembeleza, na tungeishia kunywa chai.

Leo asubuhi nimetangulia kupeleka sanduku lako la spana ofisi ya basi mjini. Kijana wa mizigo alilishika, akaliachia.

"Mama, hili la nani? Zito kama kinu."

"La fundi."

"Basi mwambie mzee aje alibebe mwenyewe kesho."

"Siyo mzee," nikamwambia. "Fundi ni binti yangu."

Nilisema kwa sauti ya gulioni, ile ya kuuzia usipa. Foleni nzima ikageuka kunitazama. Nami nilitaka wageuke.

Mama yako,
Oresta